Watoto wawili wa kiume na baridi ya Nyanda za Juu Kusini: mwongozo kamili kwa mzazi

Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, mzazi anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe au Makete huingia katika msimu ambao ndugu zake wa Dar es Salaam huusikia tu kwenye simu. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mji wa Njombe unakaribia mita 2,000, na uwanda wa Kitulo huko Makete unapita mita 2,600, ambako asubuhi za Juni na Julai majani huweza kukutwa yamefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Baridi yenyewe haifanani kila mahali. Mbeya mjini na Iringa mjini usiku huwa mkali, lakini mchana jua huwaka na vumbi hupeperuka. Mufindi, Njombe, Makete na Rungwe, ukungu na manyunyu huweza kukaa siku nzima bila kuondoka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye watoto wawili wa kiume, mdogo akiwa na miaka 3 au zaidi kidogo na bado anashinda nyumbani, na kaka yake akiwa na miaka 6 au 7 na ameshaanza shule. Mtoto mchanga ana taratibu zake ambazo hazimo humu. Msingi wa yote yanayofuata ni kwamba baridi yetu ina saa zake, na mzazi anayezijua saa hizo hupunguza kazi kwa nusu. Kazi zote za maji zisogezwe kwenye jua, nguo nyingi zivaliwe asubuhi na jioni, na nyumba isifungwe kamwe ikiwa na moto wa mkaa ndani yake.

Hatua ya kwanza: maandalizi ya mwezi Mei

Nguo zinunuliwe kabla baridi haijakolea, kwa sababu bei ya masweta na majaketi ya watoto hupanda mara tu watu wanapoanza kutetemeka. Mbeya, wazazi wengi hukimbilia mitumba ya masoko ya SIDO na Mwanjelwa, na kwa maoni yangu hawakosei, maana sweta nyingi mpya za bei ya chini ni nailoni nyembamba inayong'aa bila kutunza joto lolote, ilhali kwenye mtumba mtu mwenye subira hupata sufu halisi. Usiende sokoni na watoto wote wawili. Chukua kamba nyumbani, pima mkono wa kila mmoja kutoka begani hadi kwenye kiganja, pima na mguu kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo, kisha funga mafundo ya alama. Kamba hiyo itakusaidia kuliko lebo iliyoandikwa umri wa watoto wa nchi nyingine.

Unapochagua sweta, igeuze ndani nje uangalie makwapa na mishono, vuta sehemu ya kiganja uone kama inarudi mahali pake, halafu shika shingo yake kwa mikono miwili uivute. Shingo isiyovutika itakuwa vita kila asubuhi kwa mtoto wa miaka 3. Zipu ya jaketi uifungue na kuifunga mara kadhaa hapohapo mbele ya muuzaji. Jaketi lenye kamba shingoni au kwenye kofia likatwe kamba hizo kabla mtoto hajalivaa, kwa kuwa watoto wa kiume hupanda miti na kuvutana, na kamba hiyo inaweza kunasa au kumkaba. Nguo zote za mtumba zifuliwe kwa maji ya moto ambayo kitambaa kinaweza kuyastahimili, zianikwe juani na kupigwa pasi.

Kwa kila mtoto, fulana za ndani za pamba 3, masweta 2, jaketi 1 lisilopitisha upepo, suruali nzito 3, soksi jozi 5 au 6 na mizula 2 zinatosha msimu mzima, kwa sharti kwamba kuna jua la kukaushia. Kwa familia ya Makete au Mufindi ongeza seti moja. Mzula wa pili ni wa lazima, kwa sababu wa kwanza utapotea shuleni. Nguo tatu nyembamba zilizopandana hufaa kuliko sweta moja nene sana, maana hewa inayokaa kati ya nguo na nguo ndiyo inayotunza joto, na jua likishapanda mtoto huweza kupunguza moja bila kubaki kifua wazi. Mdogo atarithi nguo nyingi za kaka yake, na hilo halina ubaya, lakini mnunulie angalau kitu kimoja ambacho hakijawahi kuwa cha mwingine. Mzula wake mwenyewe hupunguza ugomvi mwingi.

Kuhusu nyumba, badilisha vioo vilivyovunjika na weka gunia lililokunjwa chini ya mlango wa nje. Nyumba ya bati isiyo na dari hupoteza joto kwa haraka sana usiku, kwa hiyo kama fedha zinaruhusu kuweka dari chumba kimoja tu, kiwe chumba cha watoto. Yale matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yaachwe wazi hata kama yanaingiza baridi.

Jambo la mwisho la Mei ni kadi ya kliniki. Hakikisha kwamba mdogo alipata chanjo zote za nimonia, zinazotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, na za surua na rubela, zinazotolewa akiwa na miezi 9 na 18. Juni ni mwezi mmojawapo wa kutoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mwingine ukiwa Desemba, na mdogo wako bado yumo katika umri huo.

Hatua ya pili: asubuhi ya kaka mtu

Mwezi Julai, jua la Mbeya huchomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, na la Iringa hutangulia kwa dakika chache tu. Hii ina maana kwamba mwanafunzi wa darasa la kwanza huamka, huvaa na mara nyingi huondoka nyumbani kabla jua halijagusa bati, yaani katika saa yenye baridi kuliko zote. Kila kinachoweza kufanywa usiku uliotangulia kifanywe usiku huo. Nguo zipangwe kwa mfuatano wa kuvaliwa, ya ndani ikiwa juu kabisa, viatu viwekwe ndani ya nyumba badala ya barazani, na chupa ya chai ijazwe maji ya moto ambayo asubuhi yatakuwa bado yanafaa kwa kunawia uso. Fulana ya ndani iweke chini ya mto wako ulale nayo, na mtoto hatapiga kelele anapovalishwa.

Asubuhi hakuna haja ya kumwogesha mwili mzima. Anawe uso, mikono na miguu kwa maji ya uvuguvugu, akaushwe vizuri, kisha apakwe mafuta ya mgando usoni, midomoni, kwenye viganja na kwenye miundi. Watoto wa huku hupauka na kupasuka midomo kwa sababu ya upepo mkavu, na anayelamba midomo ili kuilainisha huizidishia kukauka. Kama sare ya shule ni kaptura, soksi ndefu zinazofika magotini husaidia sana, na si aibu kumwendea mwalimu wa darasa kumwomba ruhusa ya suruali ndefu kwa miezi hii ya baridi. Shule nyingi hukubali zikiombwa kwa heshima. Mtoto asitoke bila kula. Bakuli la uji wa moto kabla ya safari lina maana kuliko jaketi la pili.

Mdogo mwache alale. Kuwaamsha wote wawili kwa pamoja ni kutafuta ugomvi, na yeye hana anakowahi. Akiamka saa 2, chumba kitakuwa kimeanza kupata joto, na wewe utakuwa na mikono miwili ya kumhudumia.

Hatua ya tatu: chakula

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la nchi kwa mahindi, viazi, maharage na maziwa, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa walikuwa wamedumaa, na Njombe walikuwa takriban nusu, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Chakula kipo, kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko wake kwenye sahani ya mtoto, na muda wa mtu mzima wa kukaa naye mpaka amalize. Msimu wa baridi hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mama na baba wako kwenye mavuno, na ugali kwa mboga ya jana ndiyo hupikwa upesi.

Anza na uji. Uji wa ulezi au wa mahindi yasiyokobolewa uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, kwa sababu uji wa kunywa kama maji hujaza tumbo dogo bila kulishibisha. Tia karanga zilizokaangwa na kusagwa, au maziwa yaliyochemshwa, au vyote viwili. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, kwani huenda zina sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu, na tahadhari hiyohiyo ihusu mahindi mapya ambayo yamevunwa wakati wa ukungu na kuingizwa ghalani kabla ya kukauka. Sioni sababu ya kuchanganya nafaka na mikunde ya aina saba katika unga mmoja wa lishe, kama ilivyo mtindo siku hizi; nafaka moja safi, na nyongeza zinazotiwa wakati wa kupika, hutosha na huchacha kwa nadra.

Mchana na jioni, makande yaliyotiwa karanga, viazi mviringo kwa njegere, ndizi za Rungwe zilizopikwa kwa maziwa, ugali kwa dagaa na majani ya maboga, vyote hutoa joto na hujenga mwili. Parachichi nusu lililopondwa juu ya viazi vya mtoto mdogo huongeza mafuta anayoyahitaji. Machungwa ya msimu huu yasisahaulike. Chai ya rangi usiwape pamoja na chakula, kwa kuwa hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mboga za majani. Wape maji ya uvuguvugu au maziwa. Watoto husahau kunywa maji wakati wa baridi, na choo kikianza kuwa kigumu, hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuiangalia.

Wote wawili wasile kwenye sinia moja. Mkubwa hula mara mbili ya mwendo wa mdogo wake, na mzazi anayeona sinia tupu hudhani wote wameshiba. Kila mmoja awe na bakuli lake, na mdogo apate vitafunwa viwili kati ya milo mitatu, kama vile ndizi mbivu, yai la kuchemsha au kiazi kitamu.

Hatua ya nne: saa za jua

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri ndipo maisha yote ya maji yapangwe. Nguo zifuliwe mapema ili kamba ipate jua la saa nyingi, na magodoro na mablanketi yatolewe nje angalau mara moja kwa wiki. Katika maeneo ya ukungu ambako nguo hazikauki, kamba ifungwe jikoni au barazani, lakini isipite chumba wanacholala watoto, kwa maana unyevu wa nguo mbichi hukifanya chumba kiwe baridi na chenye ukungu wa kuta.

Kuoga kufanyike mchana kwa mdogo, na karibu saa 10 kwa mkubwa akitoka shule. Katika beseni yatangulie maji baridi, kisha yaongezwe ya moto, kwa sababu mtoto anayetumbukia kabla hujamaliza kuchanganya ataungua vibaya kama ulianza na ya moto. Jaribu kwa kiwiko. Mdogo aingie kwanza, kwani hupoteza joto upesi, na mkubwa afuate maji yakiwa yameongezwa. Nywele zikaushwe hadi kwenye ngozi, mafuta yapakwe mwili ukiwa bado na unyevunyevu kidogo, na mavazi yafuate papo hapo. Wanaochemsha maji kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo waichomoe kwanza kwenye soketi kabla ya kugusa maji, na ndoo ikae mahali ambapo mtoto hafiki wakati hita inafanya kazi. Kwangu mimi, nyumba yenye watoto wawili wanaokimbizana haifai kuwa na hita ya namna hiyo.

Kuhusu michezo, baridi si sababu ya kuwafungia ndani. Watoto wa kiume waliokaa chumbani kutwa nzima hupigana jioni, na hilo halihitaji utafiti. Wacheze chandimu, wasukume magari yao ya waya, wapande na kushuka, mradi wamevaa viatu. Viatu ni kwa ajili ya baridi na pia kwa ajili ya funza, ambao hupenda vumbi la kiangazi. Kagua vidole vya miguu kila wanapooga, hasa pembeni mwa kucha. Akirudi na fulana iliyolowa jasho, abadilishwe mara moja kabla jua halijashuka. Julai pia ni wakati wa kupukuchua mahindi, na mtoto wa miaka 6 aliyekaa juani juu ya gunia na ungo wake hujiona mtu mzima kabisa. Mdogo apewe magunzi ayapange. Gololi za kaka yake na punje za mahindi ziwekwe mbali naye, kwa sababu watoto wa umri huo husukuma vitu puani na masikioni.

Hatua ya tano: jioni na jiko

Hatari kubwa ya msimu huu ni jiko la mkaa lililoingizwa ndani ili kupasha chumba joto. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia, na aliyelala hahisi chochote. Wengi hudhani kwamba jiko lililoshika majivu juu na kuacha kutoa moshi limekuwa salama. Si kweli. Mkaa mwekundu usio na moshi unaendelea kuitoa hewa hiyo mpaka uzime kabisa, na kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko lipikiwe jikoni au nje, na likimaliza kazi libaki hukohuko. Jiko la gesi nalo lisiachwe likiwaka kama kipasha joto katika chumba kilichofungwa.

Mkiamka wawili au watatu mnaumwa kichwa kwa pamoja katika nyumba iliyokuwa na jiko, tokeni nje wote, fungueni milango, na nendeni hospitali hata kama mnajisikia nafuu kwenye hewa safi.

Wakati wa kupika, weka mpaka unaoonekana. Chora mstari wa chaki kwenye sakafu, au weka ubao, hatua mbili kutoka kwenye jiko, na mtoto asiuvuke kwa sababu yoyote, hata kuchukua mpira. Mishikio ya sufuria igeuzwe upande wa ukutani, na chupa ya chai isiwekwe juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia. Mtoto akiungua, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili wake mwingine ukiwa umefunikwa asipoe, kisha funika jeraha kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya. Dawa ya meno, yai, asali na unga havipakwi.

Baada ya chakula, jioni ni ndefu na giza limeingia mapema. Mkubwa achambue maharage ya kesho, mdogo atege vitendawili visivyoteguka, na televisheni ikiwepo izimwe nusu saa kabla ya kulala.

Hatua ya sita: usiku

Baridi ya kitandani hutoka chini kabla ya kutoka juu. Wazazi wengi huongeza blanketi la tatu juu ya mtoto ambaye godoro lake jembamba limewekwa sakafuni, halafu hushangaa kwa nini anajikunja usiku kucha. Inua godoro kwenye kitanda au kwenye mbao, tandika mkeka au gunia safi chini yake, na blanketi kuukuu kati ya godoro na shuka. Kitanda kisigusane na ukuta wa nje. Kama nafasi ni finyu na lazima kigusane, tundika kitenge kizito au blanketi ukutani, kwa sababu tofali la nje hupoa vibaya kuanzia saa 8 usiku, na mtoto aliyeegemeza mgongo hapo huamka amekakamaa.

Watoto wawili kitanda kimoja hupeana joto, na huo ni utaratibu mzuri, ila blanketi moja kubwa la kuchangia halifai. Mmoja atajiviringisha nalo lote na mwingine atabaki nje bila kulalamika kwa kuwa amelala. Kila mmoja apewe blanketi dogo lake mwenyewe, kisha kubwa liwafunike wote kwa juu na kukunjwa chini ya godoro upande wa miguuni. Mdogo alale upande wa ukutani asianguke. Soksi safi na kavu zinafaa, tofauti na zile alizoshinda nazo. Ukitaka kupasha kitanda, jaza maji ya moto, yasiyotokota, kwenye mpira maalumu wa maji, uufunge kwa taulo, uuweke chini ya mablanketi nusu saa kabla, na uuondoe watoto wanapopanda. Ili kujua kama mtoto ana baridi au joto, usiguse mikono yake, ambayo huwa ya baridi karibu wakati wote. Ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na joto kavu, yuko sawa, na pakiwa na jasho, mpunguzie.

Kukojoa kitandani huongezeka katika miezi hii, na sababu mara nyingi ni ya kawaida sana: choo kiko uani, nje ni giza na baridi, na mtoto hujizuia mpaka usingizi umshinde. Weka poti au kopo lenye mfuniko chumbani. Wapeleke wote wawili kabla ya kulala, na mwamshe anayekojoa mnamo saa 4 usiku, kabla wewe mwenyewe hujalala. Usimnyime maji mchana kutwa. Punguza tu vinywaji baada ya chakula cha jioni. Chini ya shuka tandika karatasi ya nailoni nzito na juu yake kanga iliyokunjwa mara mbili, na nguo kavu ziwe karibu, ili saa 9 usiku ubadilishe kila kitu bila kuwasha taa zote za nyumba. Kumwita kikojozi mbele ya ndugu yake hakukaushi godoro. Mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi kadhaa kisha akaanza tena, akiwa na kiu nyingi au maumivu ya kukojoa, aonwe na daktari.

Watoto wakianza kujikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kwenye mapaja, fikiria upele. Huenea haraka katika mablanketi ya pamoja. Dawa itumiwe na watu wote wa nyumba katika siku ileile, kama mfamasia atakavyoelekeza, na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: mafua, kifua na homa

Mafua huletwa na virusi, ambavyo huenea kwa wepesi watu wanapojibanza katika vyumba vilivyofungwa vyenye moshi. Mafua ya kawaida hupona yenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na dawa za antibiotiki hazina kazi hapo. Safisha pua, mpe vinywaji vya uvuguvugu, na kwa kuwa wote wamepita mwaka mmoja, kijiko cha asali kabla ya kulala hutuliza kikohozi. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka asipewe asali kabisa. Mtoto mwenye homa asifunikwe mablanketi matatu ili atoke jasho. Avae nguo nyepesi, apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, na asipewe aspirini.

Kipimo cha nyumbani kinachofaa kuliko vyote ni kuhesabu pumzi. Subiri mtoto atulie au alale, kwa kuwa anayelia huhema haraka bila ugonjwa. Pandisha nguo mpaka uone kifua na tumbo, maana mtoto aliyevikwa nguo nne huficha kila kitu, kisha tazama saa ya simu na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika 1 nzima. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni haraka mno, na akiwa anakohoa, huenda ni nimonia na anapaswa kufika kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

- sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi;
- anatoa sauti ya kukoroma au filimbi anapovuta pumzi akiwa ametulia;
- hawezi kunywa, au anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege, amelegea, au haamki vizuri.

Kikohozi kisichoisha huwaleta washauri wengi nyumbani, na kati yao atakuwepo anayesema kwamba mtoto akakatwe kimeo. Mara nyingi ni bibi au shangazi anayempenda mtoto kwa dhati, kwa hiyo asijibiwe kwa ukali. Mpe shikamoo yake, mweleze kwamba umeshapanga kwenda hospitali, na umwombe awaangalie waliobaki. Lakini kimeo kisikatwe. Kukikata hakuponyi kikohozi, na huleta kutokwa damu nyingi na maambukizi ambayo yamewahi kuua watoto. Kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kupimwa, kifua kikuu kikiwemo.

Kuhara nako huja msimu huu. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na vidonge vya zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na uendelee kumlisha.

Familia nyingi za Mbeya hupeleka watoto kwa babu na bibi Kyela wakati wa likizo ya Juni, ili wapate joto la kando ya Ziwa Nyasa. Huko malaria ipo zaidi kuliko milimani, na mtoto aliyezoea baridi ya Uyole au Mwanjelwa hana mazoea ya kulala kwenye chandarua. Pakia chandarua pamoja na nguo, na akipata homa wakati wowote ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, usiseme ni mafua ya baridi. Mwambie mhudumu wa afya kwamba mtoto alikuwa Kyela, apimwe malaria kwanza.